Ndege wa Mlangoni Kwetu

Hii nilipewa na shangazi yangu Ruti, mkono mmoja ukipepeta maharage, mwingine ukinifinya nisisinzie. Nanyi msisinzie, wajukuu zangu. Sogezeni miguu hiyo ya baridi tusikilizane.

Zamani milango ya ukoo wetu haikuwa na ndege. Ilikuwa mitupu, kama ya watu wote huku Usambara. Babu wa ukoo alikuwa Mjerumani, fundi seremala, Gotifridi jina lake. Alikuja kuchonga mabenchi ya kanisa, akamwoa Bibi Naetwe, akafa. Akaacha sanduku la bati, ubao mmoja mpana wa mti wa mkulo, na watoto wasiopatana.

Watoto hao wakajenga nyumba ya kukutania Krismasi. Wakasema mlangoni pawe na alama ya ukoo, yenye Ujerumani wa babu ndani yake, na yale tunayoyashika sote. Kazi akapewa mjukuu, Yonazi, aliyerithi patasi za babu. Masikini Yonazi!

Baba yake mkubwa, Teofilo, akamwonyesha picha iliyochorwa kwenye kifuniko cha lile sanduku. "Tai huyu hapa. Babu yako alikuja naye. Mchonge, na makucha yote."

Shangazi Herieti akadakia. "Tai? Si ndiye aliyekuwa kwenye bendera ya Wajerumani, baba mkwe wangu amelazwa chini yake anachapwa viboko? Mkimweka huyo, mimi na wanangu hatuingii. Chonga jembe."

"Jembe! Kwani baba alikuwa mkulima?"

"Kwani alikuwa ndege?"

Yonazi akacheka, halafu akaona anacheka peke yake. Bibi Naetwe, macho yameshaingia ukungu, alikuwa ameomba jambo moja tu: asizikwe na watoto wanaopikia vyungu viwili. Na ubao ulikuwa mmoja.

Akachonga tai, maana baba mkubwa ni mkubwa. Akamkumbuka shangazi, ndiye aliyemlea, akaanza kumfuta kwa randa. Akamhurumia babu, akaacha katikati. Ikafika mahali hajui anachonga au anafuta. Siku ya tatu patasi ikateleza. Ule mdomo uliopinda ukaruka, ukapotelea kwenye maranda, kikabaki kimdomo kifupi cha kudonolea mtama. Bawa moja juu, jingine limeshuka. Yonazi akaketi chini, kichwa mikononi. Sasa hiki ni nini?

Siku ya kufungua nyumba, upande wa Teofilo ulisimama kulia, wa Herieti kushoto, kila upande na chungu chake. Bibi akaomba aletewe ubao. Akaupapasa taratibu.

"Kuku," akasema.

Teofilo akakohoa. "Mama, ni tai."

"Nimefuga kuku tangu sijaolewa, usinifundishe. Huyu ameshusha bawa. Vifaranga wake wako wapi?"

Akauweka ubao magotini, akaendelea.

"Yule wa sandukuni alikuwa ndege wa serikali yao. Baba yenu humu nyumbani alikuwa hivi. Alichonga meza ndefu, na hakuwa akila mpaka wa mwisho ameketi, ugali upoe usipoe. Yonazi, weka vifaranga."

"Na hayo makucha, Mama?" akauliza Herieti.

"Kuku asiye na makucha atachakura na nini?"

Yonazi akachonga palepale. Herieti akawa anamtajia majina, kifaranga kimoja mtoto mmoja. Alipomaliza wanawe hakunyamaza, akaendelea na wa Teofilo. Kisha akabeba chungu chake, akakimimina kwenye cha kaka yake.

Na tangu siku hiyo, kila mlango wa ukoo una ndege yule, na mtoto akizaliwa huongezwa kifaranga. Mezani hagusi mtu mpaka wa mwisho ameketi. Na mgeni akiuliza, ni tai au kuku? Hatujui hata sisi. Tunamjibu, "Ana watoto."

Kifaranga wako wewe ni yule wa karibu na mkia. Haya, vifaranga, kesho kutakucha. Ingieni blanketini mlale. Bawa ni hili.