Wiki ya Siku Kumi na Moja

Mfano huu alinipa kwanza mwinjilisti Elinihaki, yule aliyekuwa akishuka kwa miguu kutoka mtaa wa juu, viatu ameshika mkononi ili visichafuke kabla ya ibada. Yeye aliusema haraka, na watu wakacheka. Mimi nitausema polepole. Kaeni vizuri, wajukuu zangu, na hiyo simu igeuzeni uso chini.

Kulikuwa na mfereji mmoja huku huku milimani kwetu Upare. Mnajua mambo yetu ya maji. Juu kuna ndiva, lile bwawa la mawe na udongo, maji yanakusanyika humo usiku, asubuhi yanafunguliwa yanateremka mashambani. Lakini hayatoshi wote siku moja. Kwa hiyo kila nyumba ina siku yake, na siku hiyo ulirithi kwa baba yako au kwa mama yako, kama ulivyorithi pua.

Na kulikuwa na desturi. Zamu yako ikiisha, hufungi tu ukaenda kula. Unafunga, unateremka mwenyewe mpaka kwa anayekufuata, unamwambia, maji yako hayo. Hata kama mmegombana unateremka.

Zamu zote zilikuwa zimeandikwa kwenye daftari la zamani, limeliwa na panya pembeni. Katibu wa mfereji alikuwa mwalimu mstaafu, mtu msafi, mtu wa kunyoosha mambo. Binti yake akamletea kompyuta. Mwalimu akakaa nayo majuma matatu, akaingiza zamu zote, jina kwa jina. Alipomaliza akampa mkewe lile daftari awashie moto.

Mkewe akamuuliza, "Lote?"

"Lote. Maneno yameshahamia."

Sasa msimdharau mwalimu. Alijua kompyuta inaweza kuharibika, kwa hiyo alinunua na flashi, kale kadude ka kuchomeka, ukubwa wa kidole. Kila Jumamosi anachomeka. Kwenye uso wa kompyuta kulikuwa na kapicha ka ile orodha, kapicha kenye kamshale pembeni. Anakachukua kale kapicha, anakakopi kwenye flashi. Na kwa kuwa ni mwalimu, anasahihisha. Anaifungua orodha kutoka kwenye flashi, pale pale, anaiona yote. Anashukuru Mungu, anaifunga flashi kwenye leso, anaiweka kabatini. Miaka minne hakuruka Jumamosi hata moja.

Mmeliona kosa? Mimi sikuliona. Mwinjilisti alipotuuliza kanisani, tuliangaliana.

Ukaja mwaka wa jua. Ndiva ikashuka mpaka mawe ya chini yakaonekana. Na mwaka huo huo kompyuta ikakataa kuamka. Ukiiwasha inalia ndani kama mtu anayegonga kucha kwenye kikombe. Mwalimu akaivika gunia, akaiteremsha mjini kwa fundi. Fundi akaweka sikio.

"Mwalimu, hii diski imekufa. Pale ndani ndipo maneno yanapokaa, napo pamekwisha."

"Imekufaje? Jana ilikuwa nzima. Haikuugua."

"Diski ni kama jembe, mwalimu, inaisha. Ila jembe unaliona likiisha."

Mwalimu akacheka, akatoa leso. "Mimi si mtoto. Nakala ninayo."

Fundi akachomeka flashi kwenye mashine yake. Akafungua. Akafungua tena. Akakuna kichwa.

"Mwalimu, humu hakuna orodha. Kuna kibao tu cha kuonyesha njia, ndicho haka kamshale. Kinasema, orodha iko kule kwenye kompyuta ya mwalimu."

"Lakini mimi nilikuwa naifungua kila wiki."

"Ulikuwa unaifungulia wapi?"

"Kwangu."

"Basi ulikuwa unamgongea mwenye nyumba kumuuliza kama yupo, naye anaitika. Siku hayupo ndiyo leo."

Fundi akasema kuna watu mbali huko wanaoweza kufungua diski iliyokufa na kujaribu, lakini huchukua miezi, na mara nyingi hawapati kitu. Mwalimu akapanda mlima mikono mitupu.

Miezi? Sasa sikilizeni nani alikuwa hana miezi. Kulikuwa na mama mmoja mjane, aliolewa pale akitokea mbali, mumewe amekufa mwaka uliotangulia. Siku ya mumewe ilikuwa Alhamisi. Maharage yake yalikuwa yametoa maua. Mnalima, mnajua. Maharage yakikosa maji yakiwa kwenye maua, ua linadondoka, unabaki na majani, na majani hayalishi watoto watatu mpaka mavuno mengine.

Jumatatu asubuhi wakaitana pale kwenye ndiva, wenye zamu wote. Mwalimu akasema, orodha imepotea, basi kila mtu ataje siku yake, tuandike upya. Wakaanza kutaja. Mmoja anataja siku yake anaongeza na nusu ya kesho yake. Mwingine anasema babu yake alikuwa na siku mbili. Wala hawakuwa wezi. Jua lilikuwa kali, na kila mtu aliona shamba lake tu.

Ikafika kwa bwana mmoja mwenye shamba kubwa, ndiye aliyekuwa juu ya yule mjane. Akasema, "Jumatano na Alhamisi."

Mjane akasimama. "Shemeji, Alhamisi ni ya mume wangu."

"Mume wako alikuwa akiniomba, nami namwachia, tulikuwa marafiki. Sasa aliyekuwa akiomba hayupo."

Mjane akawatazama shemeji zake hasa, ndugu wa mumewe. Wakatazama chini. Wangesema nini, na wao wameongeza zao?

Mwalimu akajumlisha. Wiki ikawa na siku kumi na moja.

Mzee mmoja akasema, "Usifute, mwalimu. Ipeleke serikalini waitie kwenye kalenda, na sisi tuzidishe umri."

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Yule mama hakucheka.

Mwalimu akaikunja ile karatasi mara nne, akaitia mfukoni. Akasema, "Nimewapoteza mimi, na daftari nilichoma mimi. Lakini kwa fundi nimejifunza kitu kimoja. Kitu kikijishuhudia chenyewe, hicho si ushahidi. Kwa hiyo hakuna tena kutaja siku yako. Kila mtu aseme hivi tu: wewe ukifunga maji, unateremka kumwita nani, na siku gani."

Vichwa vikageuka. Maana hapo kila mtu alijiona mikononi mwa aliye juu yake.

Na juu ya yule bwana alikuwa nani? Bibi mmoja ambaye hawakuwa wakisalimiana naye mwaka wa pili ule, kwa sababu ya mbuzi. Mbuzi wa bibi alikula kabichi, bwana akamfunga mbuzi juani, mbuzi akafa. Bibi akipita kanisani anakaa upande mwingine. Watu wote walijua. Wakasema moyoni, leo huyu bwana amekwisha.

Je, ungekuwa wewe ungesema nini? Usinijibu, jibu moyoni.

Bibi akakaza kanga yake, akasimama. "Mimi nikifunga Jumanne jioni nateremka kwa huyu. Simwiti jina. Nagonga debe lake la kuku, anajua ni mimi. Jumatano ni yake."

Bwana akaitikia kwa kichwa, ametoa pumzi.

"Sijamaliza," bibi akasema. "Ana na Jumamosi, mpaka saa nne asubuhi. Ilikuwa ya mama yake. Mama alipofariki huyu hakuja kuichukua, nafikiri hakujua. Nami nikanyamaza, namwagilia mboga zangu. Ni mwaka wa sita huu. Iandike ni yake."

Mwalimu akamwambia kwa upole, "Bibi, unaelewa kwamba unaipoteza?"

"Umeniuliza mimi au umeuliza mboga? Mimi nimeshasema."

Safari hii hawakucheka sana.

Mwalimu akamgeukia yule bwana. "Na wewe, Jumatano ukifunga, unateremka kumwita nani?"

Yule bwana alisimama, akakaa, akasimama tena. Alikuwa amejiandaa kwa adui wa kumnyang'anya, na adui amempa kitu cha mama yake mzazi asichokijua. Mtu anafanyaje na jambo kama hilo? Anaweza kuendelea kudanganya, ulimi si mali yake? Anaweza.

Kisha akasema, "Nilikuwa namwita mume wa huyu mama. Namkuta na kikombe cha chai, ananikaribisha, namwambia maji yako hayo." Akamgeukia mjane. "Alhamisi ni yao. Hakuniomba hata siku moja."

Wakaendelea hivyo mpaka shamba la mwisho, aliye juu akimtaja aliye chini. Na wa juu kabisa, ambaye hana aliye juu yake, akatajwa na yule wa mwisho anayepanda kumwita wiki ikianza. Mwalimu akajumlisha. Siku saba. Alhamisi maji yakaingia kwenye maharage.

Sasa tuje kwetu sisi.

Sisi tunajitunza wapi? Kila jioni tunaufungua moyo wetu kwenye mashine yetu wenyewe. Tunauliza, mimi ni mtu mwema? Moyo unajibu, ndiyo, orodha yote ipo. Tunafunga leso, tunalala. Umeshawahi kuufungua kwa jirani? Kwa yule mliyegombana? Jina lako likichomekwa kwake, linasomeka, au kuna kamshale tu kanakorudi kwako?

Na msidhani nasema mambo ya rohoni tu. Wewe uliyeweka picha za harusi ya mama yako kwenye simu moja, na sauti ya babu yako humo humo, hiyo simu nayo inaisha kama jembe, na haitakuaga. Mpelekee shangazi yako nakala, afungue yeye, kwake, wewe umesimama hapo unaona. Usiamini mpaka umeiona ikifunguka pasipo wewe.

Lakini lililonichoma mimi si hilo. Nilikuwa nafikiri mfano huu ni wa watu kuninenea mimi. Sivyo. Mimi nimebeba zamu za watu. Mwenye shamba chini yetu pale, mnajua hatukai kikao kimoja. Nilipojifungua baba yenu mvua inanyesha na njia imekatika, ni yeye aliyevuka korongo akanipokelea mtoto. Yeye mwenyewe halisemi. Pengine amelisahau. Lipo kwangu tu, na mimi ni mashine iliyozeeka. Nikifa nimenyamaza, nimemwibia Alhamisi yake.

Mungu hatatuuliza siku yetu ni ipi, wajukuu zangu. Atatuuliza, ulipofunga, ulimwita nani. Basi kila mmoja achague mtu mmoja aliyemtendea wema ambao yeye aliyetendewa hajawahi kuusema mbele za watu. Kesho akauseme. Mimi nitateremka pale chini asubuhi, na atakayetaka tutakwenda wote. Haya, mwombeane, mdogo aanze, kisha mkalale.