Ukuta wa Magazeti

Mbacha ni mkeka uliochakaa, lakini ni wako. Msala ni mzuri, ila una mwenyewe na una safari zake. Lindsay Trembath wa Tarrawell aliujua ukweli huo maji yakiwa yameshamfika shingoni.

Tarrawell ulikuwa mji wa dhahabu iliyokwisha zamani. Yeye na dada yake Noreen walirithi kibanda cha magogo kilichojengwa na babu wa babu yao, watu walipofurika kuchimba. Kuta zilibandikwa magazeti kwa gundi ya unga ili kuzuia upepo, na juu ya magazeti hayo mke wa babu yule alichora kwa penseli mistari ya vimo vya wanawe. Mstari wa Alfred ulikomea chini, kwenye tangazo la sabuni, kwani mtoto huyo hakufikisha miaka minne. Baadhi ya wageni wachache waliofika hapo walilia.

Mwaka huo kampuni moja ya uchimbaji ilirudi, ikitaka kukichimbua kilima kizima. Kinga ilikuwa moja tu: kibanda kiingizwe katika orodha ya urithi wa jimbo. Mkaguzi angefika Oktoba.

Mwezi Juni akaja Dwayne, dereva wa basi la watalii.

"Mzee Lindsay, humu mbona kunanuka panya? Wenzako wa mji jirani wa Colby wana baa inayong'aa, na waigizaji waliovaa makoti mekundu ya askari wa zamani wanafyatua bunduki. Pakarabati, nami nitakuletea watalii kila siku!"

Lindsay akalainika kama siagi juani.

"Kaka, ukuta wa bibi usiuguse," Noreen alimsihi.

"Wewe nawe, kazi kulinda vumbi! Watu wakijaa hapa, huyo mkaguzi atakataaje?"

Akabandua magazeti yote, akayachoma kwenye pipa nyuma ya nyumba. Akapigilia mbao mpya, akapaka rangi nyekundu, akaweka karai la mchanga ulionyunyiziwa chenga za dhahabu za dukani ili watalii wachekeche. Basi lilikuja mara tisa. Kisha Colby wakafungua hoteli, na Dwayne hakupokea simu tena.

Oktoba mkaguzi, Bi. Halloran, alisimama mlangoni akiwa na picha ya ukuta ambayo Noreen alimtumia mwanzoni mwa mwaka.

"Baba, magazeti haya yako wapi?"

"Niliyachoma."

"Yote?"

"Yote, mwanangu. Yalikuwa yananuka."

Bi. Halloran alifunga faili polepole. "Hiyo mistari ndiyo iliyonileta. Mbao kama hizi, baba, hata kwangu zipo."

Kibanda hakikuingizwa kwenye orodha, na wiki ya pili ya Desemba tingatinga la kampuni lilipanda kilima. Kibanda kilianguka kwa msukumo mmoja, rangi ikiwa bado mbichi machoni pa Lindsay. Alimkuta Noreen amepiga magoti kando ya pipa, mikono imezama kwenye majivu, akipekua.

"Noreen, nitukane basi. Sema lolote."

"Namtafuta Alfred," alijibu bila kugeuka.

Alipekua mpaka chini ya pipa, akatoka na misumari miwili iliyoungua. Lindsay alilia kama mtoto, na hakuna aliyembembeleza. Hana kilima, hana kibanda, na dada yake hasemi naye mpaka leo. Usiache mbachao kwa msala upitao.