Korosho Zilizocheza Kiooni

Mkakasi ni kijaluba kilichonakshiwa kikapendeza. Ukikifungua, unakuta mti ule ule wa kawaida. Wahenga waliutumia kumwonya mtu anayetekwa na sura ya kitu bila kuuliza kitamfaa nini. Laiti Mahamudu, katibu wa ushirika mmoja wa wakulima wa Nachingwea na Ruangwa, angewasikiliza, mikorosho ya Bi Sikudhani wa Lionja isingekauka maua.

Msimu ule ushirika uligawa dawa mpya ya ubwiri, ule ukungu mweupe unaoua maua ya mikorosho. Maandishi ya chupa yalikuwa ya kigeni. Ikaamuliwa kipimo kiwekwe kwenye programu ya simu, kwa picha zinazocheza, ili hata asiyejua kusoma aone na kuelewa. Wazo zuri kabisa, nani angelipinga?

Programu mbili zililetwa mkutanoni. Katika ile ya Harithi, fundi kutoka mjini, korosho ishirini zilicheza ngoma kwa pamoja huku maua yakidondoka nyuma yao. Watu walipiga makofi hadi viganja vikawasha, Mahamudu kuliko wote. Katika ile ya Mwamina, binti wa hapo hapo Nachingwea, mkono mmoja tu ulionekana ukimimina dawa kwenye pampu: kifuniko cha kwanza, cha pili, basi.

"Sasa hii ndiyo nini?" Mahamudu alicheka. "Mbona kavu hivi?"

"Katibu, picha zinazocheza ni mzigo kwa simu," Mwamina alijibu. "Zangu nimezipunguza zilingane na kioo kidogo, na inacheza ile tu iliyo mbele ya macho. Ukiipita, inasimama. Za Harithi zinacheza zote, hata zile usizoziona. Tuzijaribu kwenye simu ya mama huyu."

Alimwashiria Bi Sikudhani, aliyekuwa ameketi kati ya wakulima. Mahamudu aliitazama simu ya mama huyo yenye nyufa, iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, akabetua midomo.

"Hatukuja kupima mikweche. Tunataka kitu cha kisasa."

Akazijaribu zote kwenye simu yake mpya, akaichagua ya Harithi. Dharau iliyoje! Programu ya wakulima ipimwe kwa simu ya katibu?

Mikorosho hupuliziwa alfajiri, kabla upepo haujaamka. Bi Sikudhani alisimama shambani, pampu mgongoni, akafungua programu. Korosho zikacheza mara mbili, zikaganda. Kipimo hakikutokea; simu ikapata moto, bando likaisha, upepo ukavuma. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Simu za jirani zake nazo ziliganda. Mkutanoni hakuvihesabu vifuniko vya Mwamina, na kukisia hakuthubutu, kwani dawa ikizidi huunguza maua. Alipopiga simu ofisini, Mahamudu alimjibu, "Mama, kila kitu kimo kwenye programu." Wiki nzima ikapita.

Siku ya nane alikata tawi lenye maua yaliyokauka na kuwa meusi, akapanda bodaboda hadi ofisini, akalitua juu ya meza ya katibu. Kando yake akaweka simu.

"Nifungulie wewe, msomi."

Mahamudu akafungua. Korosho zikacheza mara mbili, zikaganda. Akabonyeza, akapangusa, akaipuliza kama uji wa moto.

"Subiri kidogo, mama."

"Nisubiri tena? Nimesubiri wiki nzima, na ubwiri haukunisubiri! Wanangu mwaka huu watakula nini, hiyo ngoma ya korosho?"

Katibu aliiweka simu chini. Akaagiza Mwamina aitwe. Binti alikuja, akaiweka programu yake kwenye simu ile ile yenye nyufa. Mara mkono ukatokea, ukamimina vifuniko viwili bila kukwama.

"Umeona, mama?" Mahamudu alisema kwa unyonge. "Tumeshairekebisha. Sasa inafanya kazi."

"Nimeona. Nirudishie simu yangu, maana maua huwezi kunirudishia."

Aliondoka bila kuaga, akaliacha tawi lile mezani, mbele ya mtu aliyepiga makofi kuliko wote. Kweli, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.