Hesabu ya Babu Ambokile

Hadithi imefika mlangoni!
— Ifungulie!
Ina uongo mfukoni!
— Tutaipekua!

Pekueni mpaka mchoke. Shule niliiacha darasa la tano, ikabaki inanililia yenyewe, lakini kwa hadithi hakuna wa kunifikia kutoka hapa mpaka Tukuyu mjini. Asiyeniamini anyanyuke sasa, nimsindikize kwa kicheko. Hakuna? Haya, tulieni.

Hapo kale, kale ya juzijuzi, palikuwa na mzee jina lake Ambokile. Alikuwa askari. Akapigana vita vya Kagera, akarudi na mguu mmoja anaouburuta. Bomu hakuliogopa, aliogopa kinyonga. Watoto wake aliwaogesha mwenyewe, wanaume wenzake wakamcheka. Akawajibu, "Nimesafisha bunduki miaka minane, kitoto chenye tope kitanishinda?"

Na alikuwa na sheria yake. Kule vitani aliona sahani zimepakuliwa, wenyewe hawarudi. Basi nyumbani kwake hakuna kupakua mpaka watu wahesabiwe. Kila jioni anasimama uani, kofia ya jeshi kichwani: "Hesabu!" Moja! Mbili! Tatu! Mpaka kumi na moja. Ndipo watu wanakula.

Siku ikafika, mzee akafa. Wakamzika. Mkewe, Bibi Tusajigwe, akaingia chumbani, akafunga mlango, chakula akakikataa.

Siku ya kwanza akaenda binti yake, Suma, na ndizi za maharage.
"Mama, kula."
"Sijahesabiwa."

Siku ya pili akaenda mchungaji, na maneno laini.
"Mama yetu, mwili unahitaji nguvu."
"Sijahesabiwa."

Siku ya tatu midomo imempasuka, sauti imekuwa ya kifaranga, na neno ni lile lile: "Sijahesabiwa."

Suma akawageukia kaka zake. "Mmoja wenu ahesabu! Au mnataka tuchimbe kaburi la pili?"

Mkubwa akamtazama wa kati. Wa kati akamtazama mdogo. Mdogo akatazama viatu vyake. Kusimama pale aliposimama baba? Nani athubutu?

Akathubutu mjukuu, Lusekelo. Mjukuu ni mtani wa babu, hata babu akiwa kaburini. Kijana mrefu huyo, mzuri wa sura, ana akili za—

— Huyo si wewe?

Nani kakuuliza? Sikiliza.

Lusekelo akaivaa kofia ya mzee, ikamfunika masikio. Akapita uani akiburuta mguu. Waombolezaji wakaanza kucheka, viganja midomoni. Akaitoa sauti ile ile ya Babu, "Hesabuuu!" Kisha akajipiga kifua, akaanza yeye: "Moja!"

Hakuna aliyesema mbili.

Mlango wa chumbani ukafunguka kwa kishindo. Bibi huyo, kashika ukuta.

"Mwizi! Moja ni yangu! Miaka arobaini na mitatu Ambokile anaanza na mimi, leo wewe, kofia isiyo na kichwa, unaniruka?"

"Nisamehe, mke wangu," akasema Lusekelo.

"Mke wako nani? Mke wako hajazaliwa, na mama yake ameshakataa posa. Rudia!"

"Hesabu!"

"Moja!" akasema Bibi.

Mbili. Tatu. Nne. Wakaenda hivyo mpaka kumi. Ya kumi na moja, ambayo Babu alikuwa akimalizia mwenyewe, haikuitwa. Bibi akaingoja kidogo. Kisha akasema, "Suma, pakua. Na maharage yasiwe ya jana."

Akala. Akaongezwa. Akala tena.

Mmeona akili hiyo? Unamwibia mtu namba yake ili atoke kuidai! Kijiji kizima kilimsifu Lusekelo, na wengine tunamsifu mpaka leo.

Hadithi yangu imekwisha, aliyeshiba anawe!
— Mwenye njaa ajipikie yake!

Ngojeni, msiondoke. Kuna kipande nimekiruka. Ndiyo, Lusekelo ni mimi. Na ule haukuwa ujanja. Niliita moja kwa sababu sikujua kama ina mwenyewe. Jioni zote zile ilikuwa ikiitikiwa kutoka jikoni, nyuma yangu, na mimi nimesimama mstarini, namba nane, nimekodolea macho chungu kilichotengwa uani. Sikuwahi hata siku moja kugeuka nimwone anayeitikia.