Kindi na Wakaguzi wa Vyungu

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majiko yao na kila jiko lina mwenyewe, paliishi katika msitu wa Mtondoni kindi mmoja aliyeitwa Shamte. Alikuwa mdogo, ngumi moja na mkia. Lakini tumbo lake, wanangu! Tumbo lile lilikuwa na masikio. Likisikia mahali panakaangwa kitu, halitulii.

Nyumbani kwake mafiga yalikuwa yameota majani. Shamte hakupika. Alizunguka migahawa yote ya msituni, akala hapa, akaonja pale, na jioni akawasimulia majirani palipo patamu na pa kupakimbia. Wala hakuwa mdoezi. Kila alipokula, alileta karanga kiganja au kuni mzigo.

Mengi yalimpata. Alikwenda kwa Popo, ambako mteja huning'inia kichwa chini, miguu juu. Akaning'inia. Akaletewa supu. Mwaa! Yote ikaingia puani.

"Supu yetu huliwa haraka," akasema Popo.

"Naona," akajibu Shamte, huku akipiga chafya. "Haraka hata mdomo hauioni!"

Alikwenda kwa Kiboko, ambako chakula huliwa ndani ya mto. Chapati yake ikaelea, ikachukuliwa na mkondo, naye akaifuata akiogelea mpaka kijiji cha pili. Alipoishika, ilikuwa imekwisha kuwa uji.

Lakini wapo waliojua kupika. Bi Bata alipika vitumbua vya iliki, laini, vya kuyeyuka ulimini. Nungunungu alichoma mishikaki kwenye miiba yake mwenyewe; ukimaliza kula unamrudishia mwiba wake, naye anauchomeka mgongoni. Nyama ya nani? Msiniulize, hata mimi sikuuliza.

Na alikuwepo Bi Kobe. Ukiagiza kwake leo, unakula kesho. Moto wake mdogo, mwendo wake mdogo, lakini maharage yake ya nazi! Siku ya kwanza kuyaonja, Shamte, mwenye maneno mengi kuliko kasuku, alinyamaza kimya mpaka sahani ikawa nyeupe.

Sasa, penye utamu nzi hawakosi. Siku moja wakatokea Chui na Fisi, wamevaa kofia za majani, wamekunja nyuso.

"Sisi ni wakaguzi wa vyakula," akanguruma Chui. "Tumetumwa na Mfalme Simba! Mgahawa ukipita, naupiga muhuri mlangoni kwa wayo wangu wenye masizi. Ukipigwa muhuri, haukaguliwi tena. Usipopita, tunarudi kesho!"

Fisi akatumbukiza kichwa ndani ya chungu cha Bi Kobe. Gu! Gu! Gu!

"Chumvi sijaielewa," akasema. Akarudi tena. Gu! Gu! Gu! "Nazi nayo sijaielewa."

Chungu kikabaki kitupu, kinang'aa.

"Hatujaridhika," akasema Chui, akijilamba. "Tutarudi kesho."

Wakarudi kesho. Wakarudi na kesho kutwa, kwake na kwa wenzake wote. Nani awaulize? Chui ana kucha. Na nani aende kumgongea Simba mlango, amwamshe usingizini? Hakuna.

Siku ya tisa, Shamte alifika kwa Bi Kobe kula maharage aliyoagiza jana yake. Akamkuta anamwagia moto maji. Tssss!

"Shikamoo, mama! Unafanya nini?"

"Marahaba, mwanangu. Nafunga jiko." Bi Kobe alikuwa na machozi, na si ya moshi. "Napika usiku na mchana, wao wanamaliza kwa pumzi tatu. Wajukuu zangu jana wamelalia maji. Bi Bata ameshafunga mizigo, anahama. Nungunungu naye anasema miiba yake ataitumia kushonea mikeka."

Shamte akahisi tumbo lake linapiga kelele. Kisha akawatazama wajukuu wa Bi Kobe, vigamba vyao vidogo vimepangana pembeni ya jiko baridi, kimya. Njaa yake mwenyewe akaisahau.

"Mama, usifunge. Kesho pikeni tena, wewe, Bi Bata na Nungunungu."

"Tupike ili waje wamalize?"

"Hawatakula hata tonge moja."

Bi Kobe akamtazama juu mpaka chini, na safari hiyo ilikuwa fupi. "Utawazuia wewe? Kwa mkia huo?"

"Sitawazuia, mama. Watajizuia wenyewe."

Asubuhi yake Shamte akajiweka njiani, akawa anapita mbio, anajilamba midomo, anaimba, "Biriani, biriani, biriani la mlimani!"

Pa! Chui akamkanyaga mkia.

"Wee kidudu! Unapita wakubwa bila salamu?"

"Shikamooni, waheshimiwa! Nisameheni. Nilikuwa nawaza jinsi ninavyowahurumia."

"Unatuhurumia sisi?" Chui akatoa kucha moja, ikagusa shingo ya Shamte. Moyo wa Shamte ulidunda du-du-du-du, lakini ulimi wake haukutetemeka.

"Nisiwahurumie? Wakaguzi wakubwa kama ninyi mnahangaika na vitumbua na maharage, na kule mlimani linapikwa biriani ambalo hakuna mkaguzi aliyewahi kuligusa! Nyama yake ukiitazama tu inaachana na mfupa. Wali, kila punje imelala peke yake. Zafarani! Zabibu! Vitunguu vilivyokaangwa mpaka vinalia kacha-kacha!"

Mate ya Fisi yakadondoka. Chu, chu, chu.

"Twende!" akapiga kelele Fisi. "Twende sasa hivi!"

"Taratibu, mheshimiwa. Linaiva adhuhuri. Na mpishi wake ana masharti mawili. La kwanza, hampakulii mkaguzi aliyeacha kazi nusu njiani. Lazima migahawa ya huku chini iwe imekwisha kupigwa muhuri. La pili, hampakulii mtu aliyekula kwingine. Ananusa mdomo!"

Chui na Fisi wakatazamana. Chui akaondoa mguu kwenye mkia.

"Ongoza," akasema.

Wakafika kwa Bi Bata. Vitumbua vilikuwa vinatoka jikoni, vina rangi ya dhahabu, vinatoa mvuke. Mkono wa Fisi ukaenda wenyewe.

"Mheshimiwa!" akaita Shamte. "Kitumbua kimoja ni matonge mawili ya biriani yaliyokosa mahali pa kukaa."

Fisi akaurudisha mkono wake kwa kuuvuta kwa ule mwingine. Chui akapaka wayo masizi. Pa! Muhuri mlangoni. Bi Bata akabaki kinywa wazi, kitumbua kikaungua.

Wakafika kwa Nungunungu. Mafuta yanadondokea makaa, chwaaa, chwaaa, moshi mtamu unawafuata kama mtu anayewadai.

"Angalau ninuse!" akalia Fisi.

"Kunusa kunajaza," akasema Shamte.

Fisi akaziba pua kwa vidole. "Biga buhuri," akamwambia mwenziwe, "biga buhuri tubite!"

Pa!

Wakafika kwa Bi Kobe. Hapo, wanangu, ndipo palipokuwa na kazi. Kifuniko cha chungu kilikuwa kimefunuliwa wakati uleule. Nazi imekolea, pilipili moja nzima inaelea juu. Fisi akajilaza chini akaanza kulia. Chui naye akasimama. Macho yakalegea. Akaushika upawa.

Na Shamte? Shamte hakuwa ametia kitu tumboni tangu juzi! Harufu ile ilimshika masikio yote mawili ikamvuta. Alitaka kusema, "Mheshimiwa, nionjeshe na mimi." Akaung'ata mkia wake mwenyewe, kwa nguvu, mpaka machozi yakamtoka.

"Kuleni basi," akasema akiwa na mkia mdomoni. "Kuleni mshibe maharage. Nitamwambia mpishi wa mlimani kwamba wakaguzi wamevimbiwa, biriani ampe Ngiri."

"Ngiri?" Chui akaudondosha upawa. "Yule mla mizizi? Biriani langu?"

Pa! Muhuri ukapigwa kwa hasira mpaka mlango ukapata ufa. Bi Kobe akautazama mlango, akamtazama Shamte, akautazama tena mlango. Mpaka alipomaliza kutazama, wale watatu walikuwa wameshafika nusu ya mlima.

Jua lilikuwa kichwani. Wakubwa wale wawili walipanda wakihema, matumbo yanaunguruma kuliko wao. Shamte akawapitisha kwenye kichochoro cha nyuma, kando ya ua wa minyaa, mpaka penye jiko lililojaa moshi. Humo ndani, bibi mmoja mnene aliyejitanda khanga mpaka puani alikuwa amewapa mgongo, anamenya kitunguu saumu. Kando yake, sufuria kubwa ya biriani.

Wanangu, mnajua ile ilikuwa nyumba ya nani? Ilikuwa nyumba ya Mfalme Simba mwenyewe! Chui na Fisi walijisifu urafiki naye kila siku, lakini hawakuwahi kualikwa kwake hata mara moja. Jiko lake wangelijulia wapi? Na yule bibi alikuwa mama yake mke wa Simba. Amekuja kumtembelea binti yake, na haamini mkono wa mwingine jikoni.

"Ingieni, waheshimiwa," akanong'ona Shamte. Kufumba na kufumbua, yuko juu ya mti, amekaa tawini.

"Wee bibi!" akafoka Fisi. "Sogea! Ukaguzi!"

Bibi hakugeuka. "Ukaguzi wa nani?"

"Wa Mfalme Simba!" akasema Chui, na tayari ameshafunua sufuria. "Tumetumwa naye."

"Ala! Mnamjua?"

"Kumjua?" Fisi alikuwa ameshatumbukiza kichwa. Gu! Gu! "Simba? Ni kama ndugu yetu. Tumelala mkeka mmoja. Hafanyi neno bila kutuuliza. Gu! Hata mke tulimchagulia sisi!"

Kisu cha kitunguu saumu kikasimama.

"Mlimchagulia ninyi?"

"Sisi! Tena mama mkwe wake alikataa, ana mdomo, bibi, ana mdomo huyo! Tukamnyamazisha."

Bibi akageuka polepole. Akaishusha khanga. Chui akayaona yale meno, tonge likakwama kooni. Kwekwekwe!

"SIMBAAAA!" akaita bibi. "Njoo uwaone ndugu zako!"

Simba akatoka ndani mbio, usingizi haujamtoka. Wanangu, Simba hakuogopa kitu duniani. Akinguruma, mawe yanaporomoka. Lakini mbele ya mama mkwe wake, sauti yake ilikuwa ya paka aliyenyeshewa.

"Naam, mama?"

"Hawa wanasema umewatuma wakague chakula changu."

"Mama! Haki ya Mungu, siwajui!"

"Wanasema mlilala mkeka mmoja."

"Mkeka? Mama, mimi nalala juu ya jiwe!"

"Wanasema mke walikuchagulia wao."

Simba akawageukia. Manyoya yote ya shingo yakasimama. Fisi akaanguka kifudifudi na wali kichwani. "Mfalme, tulikosea mlango! Tulikuwa tunatafuta kwa Ngiri!"

Huko juu ya mti, Shamte akacheka mpaka akapoteza tawi. Tip! Akadondoka, moja kwa moja miguuni pa bibi. Akasimama upesi, akajifuta vumbi, akatoa shikamoo, kisha akaeleza yote: vyungu vya siku tisa, mizigo ya Bi Bata, wajukuu wa Bi Kobe waliolalia maji.

Bibi akasikiliza mpaka mwisho. Akachota biriani pembeni, mahali ambapo Fisi hakufikia, akamwekea kwenye kifuu.

"Wewe unaonekana unajua kula. Onja. Uniambie kweli."

Shamte akaonja. Akafumba macho. Akafumbua.

"Nyama, hakuna mfano. Wali, hakuna mfano. Lakini chumvi, bibi... imepungua kidogo."

Hee! Simba akajifunika uso kwa mikono miwili. Hata Chui na Fisi walisahau shida zao, wakamtazama kindi kama mtu atazamavyo maiti.

Bibi akachukua punje tatu, akazitia mdomoni. Akatafuna. Akatafuna tena.

"Kweli," akasema. "Imepungua." Akamtazama Simba. "Miaka yote unaniambia mama limekolea, mama limekolea. Kumbe unaniogopa!"

"Mama, mimi..."

"Nyamaza, lete chumvi." Kisha akacheka kicheko kikubwa, sufuria ikatetemeka. Akamjazia Shamte kifuu cha pili, na cha tatu.

Na wakaguzi? Simba alitaka kuwararua palepale, lakini bibi akakataa. "Wanapenda sana vyungu hawa. Basi wapewe vyungu."

Tangu siku ile mpaka masika mawili yakapita, Chui na Fisi walikaa kisimani tangu macheo hadi machweo, wamezungukwa na masufuria ya msitu mzima, mchanga mkononi, wanasugua. Kwaru, kwaru, kwaru! Na milango ikabaki na mihuri yake, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kuja kukagua tena. Moto wa Bi Kobe ukawaka, wajukuu zake wakanenepa mpaka magamba yakawabana.

Ndiyo maana nawaambia, wanangu: anayeiacha sahani anayoiona kwa tamaa ya asiyoiona, zote mbili ataziosha.