Kitambaa cha Bi Severa na Barua ya Kurasa Tatu

Paukwa!

Pakawa.

Hiyo ni sauti ya watu au ya wagonjwa? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni, maana leo sauti yangu haifiki mbali. Nimeshinda shambani, mgongo haunyooki, na hadithi yenyewe ni ya watu waliochoka. Asiyeitaka akalale.

Hapo kale, kale ambayo hata bibi yangu aliisikia tu, kulikuwa na kijiji huko Ufilipino, visiwa vya mbali upande wa mawio ya jua. Wahispania walikuwa wametawala. Wanaume walichukuliwa kwenda msituni kukata magogo ya meli, mwaka mzima, miaka miwili. Wanawake walibaki wakitarizi. Kitambaa chao kilifumwa kwa nyuzi za majani ya nanasi, chembamba mpaka ukijifunika usoni unamwona mwenzako. Sindano inaingia, chwi. Sindano inatoka, chwi. Kutwa kucha hivyo, mpaka macho yanatoka machozi.

Fundi wao mkuu alikuwa mzee mmoja, Bi Severa. Mwembamba, maneno machache. Alikuwa na akili sana yule mama, ila siku moja hata yeye alikosea. Nitafika huko, msinikimbize.

Bi Severa alikuwa na mjukuu wake, Potenciana. Huyu aliolewa, na mwezi haujaisha mumewe akachukuliwa msituni. Siku moja ikaja barua kutoka kwa mume. Kurasa tatu, zimeandikwa kwa Kihispania na karani wa huko kambini. Kijijini aliyejua kusoma ni Padri peke yake. Potenciana akampelekea. Padri akaisoma moyoni, akaikunja, akamrudishia.

"Mumeo mzima. Anakusalimu."

"Kurasa zote tatu, Baba?"

"Salamu ni ndefu," Padri akasema, akaingia zake ndani.

Potenciana hakula siku ile. Akamwambia bibi yake, "Bibi, nataka kusoma. Nimeishika barua ya mume wangu mkononi na sijui ameniambia nini. Roho inaniuma."

Bi Severa akaweka sindano chini. Akavaa viatu vyake vya mti, akaenda kwa Padri kuomba shule ya wanawake. Nyumba ya Padri ilikuwa juu, ngazi thelathini. Ko, ko, ko. Anapumua. Ko, ko, ko. Amefika.

"Baba, tunaomba shule."

"Njoo kesho, mama."

Kesho yake akapanda tena. Ko, ko, ko. Magoti yanamuuma.

"Baba, tunaomba shule."

"Njoo kesho, mama."

Nihesabu zote? Sitaki, nitachoka mimi na nyinyi. Alipanda mara saba. Ya saba Padri alikuwa amechoka kumwona, akasema, "Sawa. Nitawaandikia barua ya kumwomba Gavana. Nyinyi mtatia alama zenu." Akaandika karatasi kwa Kihispania, akampa. "Kila mwanamke aweke msalaba hapa chini. Uniletee keshokutwa."

Bi Severa alishuka zile ngazi akilia kwa furaha. Wanawake ishirini wakaweka misalaba, mmoja mmoja. Wakafurahi mno. Sasa sikilizeni kosa lao, maana hakuna wengine ambao wangelikosea hivi. Bi Severa akasema, "Maneno haya ni makubwa. Tusiyaache yaende hivi hivi." Akatandaza kitambaa cha nanasi juu ya karatasi. Maandishi yakaonekana kwa chini, meusi, wazi. Akayafuata kwa sindano, herufi kwa herufi. Chwi. Chwi. Hajui hata moja, lakini hakuruka hata moja. Wenzake wakatarizi maua pembeni. Siku mbili hawakulala vizuri. Kisha karatasi ikarudi kwa Padri, kitambaa kikabaki sandukuni.

Wakangoja. Mwezi, kimya. Miezi sita, kimya. Potenciana akaacha kuuliza. Bi Severa naye macho yakaanza kuingia ukungu, akawa anaomba atungiwe uzi kwenye sindano.

Mwaka ulipokaribia kwisha, Gavana akaja kutembelea kijiji. Wakamketisha kitini mbele ya kanisa, jua kali, jasho linamtoka. Bi Severa akatoka mbele na kile kitambaa, akampa kwa mikono miwili. Akasema, "Bwana mkubwa, hili ndilo ombi letu. Tulidhani huenda karatasi ilipotea njiani."

Padri akanyoosha mkono. "Nitakutafsiria anayosema, Bwana Gavana."

Gavana akasema hapana, ana karani wake, mtu wa visiwa vile vile, anayejua lugha zote mbili. Karani akakishika kitambaa, akakisoma kimyakimya. Akatazama chini.

"Soma," Gavana akasema. "Wasikie na wao."

Karani akasoma kwa lugha ya kijiji. "Sisi wanawake wa kijiji hiki tumeridhika na sindano zetu. Hatutaki shule. Twaomba tusisumbuliwe."

Wanawake wakatazamana.

"Soma tena," Bi Severa akasema.

Karani akasoma tena. Maneno yale yale, na maua mazuri pembeni. Mwanamke mmoja akaketi chini pale pale vumbini. Jamani, fikirieni. Umejitarizia kwa mkono wako, kwa macho yako yaliyobaki, kwamba hutaki kitu unachokililia.

Gavana akauliza, "Sasa mama, mbona mnanipa zawadi ya kukataa?"

Bi Severa akainua uso. Hakupiga kelele. Hakumtazama Padri. Alisema, "Bwana mkubwa, hicho ndicho tulichokitia alama. Tungekuwa tunajua kusoma tusingekitia. Mimi sina maneno mengine, nimechoka."

Padri alikuwa anatazama viatu vyake. Gavana hakuwa mtu mwema sana, msije mkadhani. Lakini aliona haya mbele za watu. Akasema shule iwepo, saa ya usingizi wa mchana, na mwalimu wamtafute wenyewe. Padri asingeweza kukataa pale. Gavana akamrudishia Bi Severa kitambaa chake.

Wakampata mjane mmoja wa mjini anayejua kusoma na Kihispania. Vitabu hawakuwa navyo. Bi Severa akaleta kitambaa.

"Mama, haya si maneno ya kufundishia," mwalimu akasema.

"Ndiyo tuliyo nayo."

Basi wakajifunza juu ya uzi ule, herufi na Kihispania pamoja, kidole kikifuata herufi, wakisinzia kwa uchovu wa kazi za asubuhi. Bi Severa alikuwa anakaa kando ya ukuta. Macho yake yalikuwa yamekwisha, hakuna herufi aliyoipata. Miezi minane ikapita. Siku moja Potenciana akasimama akasoma kitambaa chote bila kukwama: hatutaki shule, tusisumbuliwe.

"Soma tena," bibi yake akasema. Akasoma tena.

Kisha akatoa ile barua. Ukurasa wa kwanza na wa pili alizisoma moyoni, na yaliyomo ni yake na mumewe, mimi hayanihusu, nanyi vilevile. Wa tatu akasimama katikati.

"Nini?" bibi akauliza.

"Bibi, ameniuliza kitu. Anasema nimjibu upesi." Akahesabu kwa vidole. "Ni karibu miaka miwili."

Bi Severa akapapasa mezani mpaka akaipata kalamu, akamnyooshea.

"Andika sasa," akasema.

Potenciana akaandika. Kama jibu lilimkuta mume hai au halikumkuta, walionihadithia hawakuniambia, na nimewauliza mara nyingi. Ninachowaambia wanangu ni hiki: usitie alama yako chini ya maneno usiyoyajua, na mwenzako akitaka kusoma, usimwambie njoo kesho.

Hadithi yangu imekomea hapo. Nikunjieni mkeka, miguu haina nguvu.