Kiboko Msibani kwa Pimbi

Paukwa!

— Pakawa.

Ndivyo mnavyoitikia hivyo? Makande yangu mmeyala kwa kelele kuliko hiyo. Paukwa!

— Pakawaaa!

Pakawa na nini?

— Sema wewe, bibi!

Pakawa na bwawa, na jua, na koo lililokauka. Haya, kaeni. Leo sina mengi ya kuchekesha.

Hapo kale wanyama walikunywa kwenye bwawa moja, na bwawa lilikuwa na sheria moja: mwenye pembe anywe, asiye na pembe angoje. Nyati anywe, Pofu anywe, Swala anywe. Punda Milia angoje, Sungura angoje, Pimbi angoje. Walingoja mpaka wenye pembe washibe, na kiangazi kile wenye pembe hawakushiba. Walichowaachia wenzao ni tope.

Pimbi mnamjua, yule mdogo wa kwenye mawe, hana pembe wala mkia. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Kijino. Kijino alikuwa kalala pangoni, midomo imepasuka, macho yameingia ndani.

"Mama, maji."

"Kesho, mwanangu."

"Mama, maji."

"Kesho, mwanangu."

Neno baya hilo, kesho, kumwambia mtoto mwenye kiu.

Basi mzee mmoja wa Baraza akafa, kiti kikawa wazi. Baraza ndilo lililotunga sheria ya bwawa, na Baraza ndilo lingeweza kuifuta. Nani akajitokeza kugombea? Kiboko! Kiboko huyo huyo aliyeshinda bwawani, hana pembe lakini hakuna wa kumtoa, maji ya mbuga nzima yamemfika shingoni, na bado anaona hayamtoshi.

Kiboko akaenda kwa wasio na pembe, gidi, gidi, gidi.

"Ndugu zangu! Tazameni kichwa changu. Mnaona pembe? Hamna! Mimi ni wenu, damu moja. Kunywa maji ni haki, si hisani. Nikikalia kiti kile, kila mmoja atakunywa, na kila mmoja atasema barazani."

Wakapiga vigelegele.

Kiboko akaenda kwa wenye pembe, gidi, gidi, gidi. Akafumbua kinywa, aaaah!

"Waheshimiwa! Tazameni meno yangu. Haya ni nini kama si pembe zilizoota mdomoni? Mimi ni wenu, damu moja. Nitalinda mila zetu. Asiye na pembe akinywa nanyi leo, kesho atakuja kuposa binti zenu! Nikikalia kiti kile, hata tope hawatalamba."

Wakapiga kwato chini, pa! pa! pa!

Pimbi aliyasikia yote mawili, maana mwamba wake una nyufa kila upande. Akamtazama Kijino, akawaza jambo zito.

Huko kwao kulikuwa na desturi: msiba ukilia, hakuna anayebaki bwawani. Mwenye pembe atakuja, asiye na pembe atakuja. Na mgombea, wajukuu wangu, mgombea atakosa harusi ya dada yake, lakini msiba hakosi.

Pimbi akapanda juu ya mwamba, akaangua kilio. "Kwiii! Kwiii! Kijino wangu! Kijino ameniacha!"

Na Kijino yu hai, anasikia mama yake anavyomlilia.

"Mama, nimekufa?"

"Bado, mwanangu. Nyamaza." Akamtoa pangoni, akamficha kwenye ufa wa mwamba.

Jamani! Kumlilia aliye hai ni kumwonyesha mauti njia ya kwako. Pimbi alilijua hilo, na machozi aliyoyatoa hayakuwa ya uongo.

Wakaja. Wasio na pembe wakakaa mbele ya mlango wa pango. Wenye pembe hawachangamani hata msibani, wakakaa nyuma ya mwamba, penye kivuli. Mwisho akaja Kiboko, maji yanamchuruzika, uso kaukunja.

"Pole sana, mama. Kazi ya Mungu haina makosa." Akashusha sauti. "Watu ni wengi?"

"Wengi, mheshimiwa."

"Nitapata nafasi niseme mawili matatu?"

"Utapata. Ila wamekaa pande mbili, na wewe una maneno ya pande mbili."

Kiboko akakohoa. "Sasa unanishauri nini, dada yangu?"

"Pango langu linatokea upande wa pili. Sema na hawa hapa mlangoni, kisha pita ndani, utoe kichwa useme na wale. Mwamba mnene huu, mheshimiwa. La huku halifiki kule."

Kiboko akafurahi kama mtoto aliyepewa muwa. Akasimama mlangoni, akasema ya haki, akasema ya maji kwa wote, akapigiwa vigelegele. Akaingia pangoni. Akajisukuma, kwaru! kwaru! kwaru! Kichwa kikatokeza kwa wenye pembe. Tumbo likanasa katikati. Makalio yakabaki yanawatazama wasio na pembe.

"Waheshimiwa!" kichwa kikasema. "Hao walioko nyuma yangu hata tope hawatalamba! Na huyu aliyekufa, basi kapunguza mdomo mmoja."

Nimewaambia mwamba ule una nyufa. Mbele ya mlango kila mtu alisikia, na hakuna aliyetoa vigelegele.

Kiboko akataka kutoka. Wapi! Mbele haendi, nyuma harudi. "Nimenasa! Nivuteni, nimenasa!" Wenye pembe wote wakamshika mgombea wao, wakavuta. "Haya, hooop! Haya, hooop!"

Pimbi akawageukia wenzake. "Mnakodoa nini? Bwawa halina mtu."

Wee! Wakakimbia. Punda Milia akanywa, Sungura akanywa, gubi, gubi, gubi. Pimbi akamtoa Kijino ufani, akambeba mgongoni, akamtia mdomo majini. Kijino akanywa, akapaliwa, akanywa tena, akacheka. Nafurahi kila nikifika hapa, kwa hiyo niacheni nipumzike kidogo.

Haya. Jua linazama ndipo Kiboko alipochomoka, ngozi imechubuka yote. Siku ya kura ikafika. Pimbi akazunguka huku na huku. "Mlimsikia kwa masikio yenu! Ana ndimi mbili!"

Nyati akamwambia, "Kwetu alisema kweli. Kwenu alikuwa anawabembeleza tu."

Punda Milia akamwambia, "Shoga, siku ile aliyokuja, tulikunywa au hatukunywa?"

"Tulikunywa kwa sababu alinasa!"

"Ehee. Alinasa kwa ajili yetu. Mgombea gani mwingine amechubuka ngozi kwa ajili yetu?"

Kiboko akapita. Kila upande ukashangilia wa kwao. Sheria ikabaki ile ile: mwenye pembe anywe, asiye na pembe angoje.

Kiangazi kingine kikaja. "Mama, maji." "Kesho, mwanangu." Safari hii kesho ilipofika, Kijino hakuomba.

Pimbi akapanda juu ya mwamba, akalia. Wenye pembe wakasema, "Kazoea huyo." Wasio na pembe walikuwa kwenye foleni ya tope, wakaogopa kupoteza nafasi zao. Na mheshimiwa? Mheshimiwa alikuwa bwawani, maji shingoni. Uchaguzi ulikuwa umeshapita.

Pimbi akamzika mwanawe peke yake. Ndiyo maana hadi leo jua likizama mnamsikia kule mawe ya juu, kwiii, kwiii, anawaita watu waje msibani.

Mbona mmenyamaza? Mnataka funzo? Funzo ni hili: msiseme uongo. Anayesema uongo mara moja haaminiwi tena. Semeni kweli siku zote, wajukuu wangu, ili siku moja nanyi mpewe kiti, kama mheshimiwa Kiboko.

— Lakini, bibi...

Lakini nini? Ngano nimeitua. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni mwenyewe, mimi nimeizoea. Na huyo wa mwisho kuinuka afunike mtungi.